Ini, Tumbo na Tezi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara kuhusu Dalili na Matibabu

Majibu haya ni ya mgonjwa, ya ndugu anayemuuguza, na ya yeyote aliyekabidhiwa karatasi ya vipimo akabaki kuitazama tu. Hayachukui nafasi ya daktari anayekushika tumbo na kukuangalia macho, ila yatakusaidia kumuuliza maswali yenye maana.

Kwa nini ini, tumbo na homoni vimewekwa pamoja?

Kwa sababu mwili wenyewe hauvitenganishi. Kongosho ni kiungo kimoja chenye kazi mbili: humwaga vimeng'enya vya kusagia chakula ndani ya utumbo mwembamba, na papo hapo huachia insulini kwenye damu. Ini hupokea damu yote inayotoka kwenye utumbo, huweka akiba ya sukari na kuiachia usiku ukiwa umelala, hutengeneza nyongo, na huvunja homoni zilizokwisha kazi. Tezi ya shingo ikizidi kasi, mtu huharisha. Ikizembea, hufunga choo. Na kuna mgonjwa anayeletwa akitapika na kujikunja kwa maumivu ya tumbo, kila mtu akidhani ni kidole tumbo, kumbe ni kisukari kilichopanda kupita kiasi.

Kwa hiyo dalili mara nyingi hubisha hodi mbali na ugonjwa ulipo. Dalili moja peke yake husema kidogo sana. Linaloleta jibu ni kujua imefuatana na nini.

Macho yangu yamekuwa ya njano. Hiyo ni homa ya ini?

Si lazima. Njano ile ni bilirubini, taka inayobaki chembe nyekundu za damu zilizozeeka zinapovunjwa. Ini huichukua, huisindika na kuitoa pamoja na nyongo hadi utumboni, na ndiyo inayokipa choo rangi ya kahawia. Njia hiyo inaweza kuharibika mahali patatu. Kabla ya ini, damu ikivunjwa kwa kasi, kama kwenye malaria kali au seli mundu. Ndani ya ini lenyewe, kwa sababu ya virusi, pombe, dawa au makovu. Na baada ya ini, mrija wa nyongo ukizibwa na jiwe au uvimbe.

Hata kabla ya vipimo, angalia mkojo na choo. Mkojo ukiwa wa kahawia iliyokolea, choo kikapauka hadi kukaribia weupe, na ngozi ikawasha usiku kucha, kuna uwezekano mkubwa kwamba nyongo imezibwa. Choo kikibaki na rangi yake huku mgonjwa amekosa damu na anahema akipanda ngazi, fikiria damu inayovunjwa. Maelezo hayo humfaa daktari kuliko sentensi ya "nina manjano", lakini wengi huona haya kuzungumzia choo chao.

Manjano yakija na homa, kutetemeka kwa baridi na maumivu chini ya mbavu za kulia, huenda mirija ya nyongo imepata maambukizi. Hiyo ni dharura ya siku hiyohiyo: antibiotiki za mshipa, na mara nyingi mrija kuzibuliwa. Hata hivyo, ninayemhofia zaidi ni mtu mzima aliyekonda, ana manjano, na haumwi popote. Kutoumwa kwake si habari njema hata kidogo, kwa kuwa saratani ya kichwa cha kongosho huja vivyo hivyo. Huyo asiambiwe arudi baada ya mwezi; apigwe altrasaundi haraka.

Viganja vikiwa vya njano lakini weupe wa macho uko vilevile, mara nyingi ni karotini tu, inayotokana na kula karoti na maboga kwa wingi. Haina madhara.

Mtoto mchanga ana manjano. Nimwanike juani?

Manjano yanayoonekana ndani ya saa 24 za kwanza tangu kuzaliwa huhesabiwa kuwa ugonjwa, na mtoto apelekwe apimwe mara moja. Yanayoanza siku ya 2 au ya 3 huwa ya kawaida kwa watoto wengi, ila bilirubini ikipanda sana huingia kwenye ubongo na kuacha ulemavu wa kudumu. Tiba ni mwanga maalumu wa buluu, na jua la uani halitoshi kuwa mbadala wake. Na mtoto aliyevuka siku 14 bado ni wa njano, choo chake cheupe, achunguzwe kama mirija yake ya nyongo imeziba au haipo. Upasuaji wa tatizo hilo huleta matokeo mazuri zaidi ukifanyika kabla ya siku 60 za umri, kwa hiyo kila wiki ya kungoja ina gharama yake.

Nimeambiwa nina homa ya ini B. Nitapona?

Inategemea uliambukizwa lini. Mtu mzima akiipata, zaidi ya asilimia 95 huiondoa wenyewe. Mtoto anayeambukizwa wakati wa kuzaliwa hubaki nayo kwa takriban asilimia 90. Ndiyo maana chanjo ya kwanza hutolewa ndani ya saa 24 baada ya kuzaliwa, wala haingojewi kliniki ya wiki ya 6. Kipimo cha antijeni ya uso wa kirusi kikiendelea kuwa chanya kwa zaidi ya miezi 6, ugonjwa umekuwa sugu.

Ugonjwa kuwa sugu haina maana kwamba kila mtu anaanza dawa siku hiyo. Daktari huangalia wingi wa virusi kwenye damu, kimeng'enya cha ALT (huonyesha chembe za ini zinazoumia), kiasi cha makovu kwenye ini, na kama kuna mtu wa ukoo aliyepata saratani ya ini. Dawa zinazotumika zaidi ni tenofoviri na entekaviri, kidonge kimoja kwa siku. Hizi hukandamiza kirusi. Mara chache hukifuta kabisa. Ukiziacha ghafla kwa sababu unajisikia vizuri, kirusi kinaweza kulipuka na kuangusha ini ndani ya wiki chache. Kabla ya kuanza, pimwa VVU pia: dawa ya homa ya ini B ikitumika peke yake kwa mwenye VVU hukifundisha kirusi cha VVU usugu.

Haiambukizwi kwa kula sahani moja, kukumbatiana wala kupeana mikono. Huambukizwa kwa damu, kwa ngono, na kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto. Wenzako wa nyumbani wapimwe, na wasio nayo wachanjwe. Wenye makovu makubwa, na wengine walio kwenye hatari ya saratani, hupigwa altrasaundi ya ini kila miezi 6.

Na homa ya ini C?

Hii hupona. Kirusi chake kilitambuliwa mwaka 1989, na leo vidonge vya wiki 8 hadi 12 huponya zaidi ya asilimia 95 ya wagonjwa. Mambo mawili yanapotosha watu. Kipimo cha kingamwili hubaki chanya hata baada ya kupona, kwa hiyo kinachothibitisha ugonjwa ni kipimo cha kirusi chenyewe. Pia, kupona hakukupi kinga; unaweza kuambukizwa upya, na chanjo yake haipo.

Tumbo la baba limejaa maji. Kweli wakiyatoa atakufa?

Hofu hii imewachelewesha wengi. Mgonjwa anayefariki siku chache baada ya kuchotwa maji kwa kawaida anafariki kwa ugonjwa uliokuwa umefika mbali, na sindano ndiyo inayobebeshwa lawama.

Maji ya tumboni yanapoonekana kwa mara ya kwanza yanapaswa kuchotwa kidogo yapimwe, kwa sababu ini lililosinyaa si chanzo pekee. Kifua kikuu cha tumbo, moyo ulioshindwa, figo na saratani navyo hujaza tumbo, na kila kimoja kina tiba yake. Maabara hulinganisha albumini (aina ya protini) ya damu na ya maji yale: tofauti ikiwa gramu 11 kwa lita au zaidi, presha ya mshipa unaoingia kwenye ini imepanda. Huhesabu pia chembe nyeupe aina ya nyutrofili. Zikifika 250 kwa milimita moja ya ujazo, maji yameshaambukizwa, na antibiotiki zianze bila kungoja majibu ya kuotesha vijidudu. Mgonjwa huyu huenda hana hata homa; amepoa tu, kala kidogo, kaanza kuongea mambo yasiyoeleweka.

Tiba ya maji yenyewe huanza na kupunguza chumvi, kisha dawa ya kukojosha iitwayo spironolaktoni, mara nyingi pamoja na nyingine, furosemaidi, huku uzito, chumvichumvi za damu na figo vikifuatiliwa. Maji yakizidi huchotwa kwa wingi. Yakivuka lita 5, mgonjwa huongezewa albumini kwa mshipa ili presha na figo visianguke. Dawa kama ibuprofeni na diklofenaki azisahau kabisa, maana huziangusha figo zilizokwisha kuelemewa.

Mgonjwa wa ini ameanza kuchanganyikiwa. Amerukwa na akili?

Hapana. Ini limeshindwa kusafisha amonia na sumu nyingine zinazotoka utumboni, nazo zimefika kwenye ubongo. Mwanzo wake huwa mdogo: analala mchana na kukesha usiku, anakosea kufunga vifungo vya shati, mwandiko wake unaharibika. Mwambie anyooshe mikono mbele na kuinua viganja kama anayezuia gari. Vikidondoka na kurudi, vikidondoka na kurudi, huo ndio ugonjwa.

Tafuta kilichouchochea: kufunga choo, maambukizi, kutokwa damu tumboni, dawa za usingizi, au dawa za kukojosha zilizozidi. Dawa yake kuu ni laktulozi, kipimo kikipandishwa hadi apate choo laini mara 2 hadi 3 kwa siku. Wapo wanaoiacha wakilalamika kwamba inawaharisha, ilhali choo laini ndicho kinachotafutwa. Zamani wagonjwa hawa walikatazwa protini. Ushauri huo umeachwa, kwa kuwa misuli iliyokonda huzidisha tatizo. Ale vizuri, na kabla ya kulala apate kitu kidogo.

Akitapika damu, hilo ni jambo jingine: mishipa ya umio (njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni) imevimba na kupasuka. Muda unahesabika kwa dakika. Hospitali humpa dripu, damu, antibiotiki, na dawa ya kupunguza presha ya mishipa hiyo, kisha huifunga kwa mipira midogo kupitia kamera.

Parasetamoli ni dawa ya kawaida. Inaweza kuua ini?

Ndiyo, na kwa ukimya. Mtu mzima mwenye afya asivuke gramu 4 kwa saa 24, yaani vidonge 8 vya miligramu 500. Mwenye ini bovu, mnywaji wa pombe au aliyedhoofu apewe pungufu ya hapo. Mtego uko kwenye dawa za mafua: nyingi zina parasetamoli ndani, kwa hiyo mtu humeza mara mbili bila kujua.

Aliyezidisha dozi anaweza kujisikia mzima siku nzima ya kwanza, akicheka na kuomba arudishwe nyumbani, huku ini likiendelea kufa. Usingoje manjano. Kiuasumu chake, asetilisisteini, hulinda vizuri zaidi kikianza ndani ya saa 8, ingawa hata baada ya hapo bado hutolewa.

Dawa za kifua kikuu nazo huweza kuwasha ini. Anayezitumia akipata kichefuchefu kisichokoma, mkojo wa rangi nzito au manjano, arudi kliniki siku hiyohiyo. Mitishamba je? Baadhi haina neno, baadhi imeharibu maini ya watu wazima na watoto, na kuonja hakukuambii ipi ni ipi. Mtajie daktari kila ulichokunywa. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mficha dawa vivyo hivyo.

Vipimo vya ini ni vya kawaida, lakini altrasaundi inasema ini lina mafuta. Nimwamini nani?

Vyote viwili. ALT na AST huonyesha chembe za ini zinazoumia wakati ule. Hazipimi mafuta wala makovu, na zinaweza kuwa nzuri kabisa kwa mtu mwenye sirosisi, yaani ini lililojaa makovu. Uwezo wa ini kufanya kazi husomwa zaidi kwenye albumini, bilirubini na muda wa damu kuganda. Kwa kutumia umri wako, AST, ALT na idadi ya chembe sahani, daktari hupata alama iitwayo FIB-4. Ikiwa chini ya 1.3, makovu makubwa hayatarajiwi.

Mafuta kwenye ini hufuatana na kisukari, kitambi na kolesteroli, kwa hiyo pimwa sukari. Kupunguza uzito kwa asilimia 7 hadi 10 hutuliza uvimbe wa ini, na huweza hata kurudisha nyuma makovu. "Dawa za kusafisha ini" zinazotangazwa kila kona hazijathibitishwa kufanya hivyo.

Vidonda vya tumbo vinatokana na mawazo na pilipili?

Hivyo ndivyo ilivyoaminika, hata na madaktari, hadi miaka ya 1980. Mwaka 1982, huko Perth, Australia, Robin Warren na Barry Marshall waliwatambua bakteria wanaoishi ndani ya ute wa tumbo, leo wakiitwa Helicobacter pylori. Wenzao hawakusadiki. Mwaka 1984 Marshall alikunywa bakteria hao mwenyewe, akapata uvimbe wa tumbo, kisha akajitibu. Wawili hao walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2005. Chanzo cha pili ni dawa za maumivu: aspirini, ibuprofeni, diklofenaki na jamii yake. Pilipili na mawazo vinaweza kuzidisha uchungu wa kidonda kilichopo, ila kwa kawaida si chanzo chake.

Tiba ya bakteria hawa ni dawa ya kupunguza asidi, kama omeprazoli, pamoja na antibiotiki mbili au zaidi kwa siku 14. Mchanganyiko hutegemea usugu wa bakteria mahali ulipo: wengine hupewa amoksisilini na klarithromisini, wengine bismuthi, tetrasaiklini na metronidazoli. Dozi huchosha, mdomo hupata ladha ya chuma, na wengi hukomea siku ya 5 maumivu yakiisha. Hapo ndipo usugu unapozaliwa.

Kuhusu kipimo, omba cha choo au cha pumzi. Kipimo cha damu cha kingamwili hubaki chanya muda mrefu baada ya bakteria kuondoka, na kuna watu wametibiwa mara tatu kwa ugonjwa uliokwisha isha. Acha omeprazoli wiki 2 na antibiotiki wiki 4 kabla ya kupimwa, la sivyo jibu linaweza kudanganya. Rudia kipimo angalau wiki 4 baada ya dozi kuhakikisha bakteria wameondoka.

Dalili gani za tumbo hazingoji?

Choo cheusi, kinachonata kama lami na chenye harufu kali, ni damu iliyotoka juu na kusagwa njiani (vidonge vya madini ya chuma na bismuthi navyo hukifanya choo kiwe cheusi, kwa hiyo vitaje). Kutapika damu. Chakula kukwama kifuani, kwanza kigumu, baadaye hata uji. Kukonda bila kukusudia. Upungufu wa damu usio na maelezo, hasa kwa mwanamume au kwa mwanamke aliyekoma hedhi. Tumbo lililokakamaa huku mtu hataki hata kitanda kiguswe. Yeyote kati ya hawa asipewe chupa ya kutuliza asidi akaambiwa aende nyumbani.

Damu nyekundu kwenye choo mara nyingi ni bawasiri. Mara nyingi, si kila mara. Kwa mtu aliyevuka miaka 45, au ambaye mpangilio wa choo chake umebadilika, "ni bawasiri tu" ni neno la kusemwa baada ya utumbo mpana kuangaliwa.

Kiungulia nitakitofautishaje na moyo?

Kiungulia huchoma kutoka juu ya tumbo kupanda kooni, huzidi ukiinama au ukilala baada ya kula. Maumivu ya moyo hubana au kulemea, huenda kwenye taya au mkono, huja na jasho jembamba na kuhema, na huchochewa na kutembea au kazi nzito. Wenye kisukari, wazee na wanawake huweza kupata shambulio la moyo linalofanana kabisa na tumbo kujaa gesi. Ukisita, kipimo cha umeme wa moyo kitangulie dawa ya asidi.

Mtoto anaharisha. Nimpe antibiotiki?

Kwa watoto wengi, hapana. Kinachoua ni kupoteza maji, na kinachookoa ni maji ya ORS, kidogokidogo na mara kwa mara, hata akitapika: subiri dakika 10, anza tena taratibu. Mwongezee zinki, miligramu 20 kila siku kwa siku 10 hadi 14. Chini ya miezi 6, miligramu 10. Aendelee kunyonya na kula. Pakiti ikikosekana, changanya lita 1 ya maji safi na vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa juu. Usizidishe chumvi. Damu kwenye choo, macho yaliyozama, ngozi inayorudi polepole ikifinywa, au mtoto anayelegea na kushindwa kunywa: nenda hospitali.

Kuharisha kwa mtu mzima kukivuka wiki 4 ni suala tofauti. Fikiria dawa anazotumia, metformini ya kisukari ikiwa ya kwanza. Fikiria VVU, tezi ya shingo, kongosho lililochoka, na utumbo usiovumilia ngano au maziwa.

Maumivu ya tumbo: mahali panaonyesha ugonjwa?

Kwa kiasi. Kidole tumbo huanzia kitovuni, na baada ya saa kadhaa huhamia chini kulia, hamu ya kula ikiwa imekufa. Mawe ya nyongo huuma juu kulia, aghalabu baada ya mlo wenye mafuta, na huweza kupanda hadi kwenye bega la kulia. Kongosho lililovimba huuma juu ya kitovu na kupenya hadi mgongoni. Mgonjwa huinama mbele kutafuta nafuu na hutapika bila kupata nafuu hiyo. Sababu zake kubwa ni mawe ya nyongo na pombe. Kimeng'enya cha lipasi kikifika mara 3 ya kiwango cha juu cha kawaida, kwa maumivu ya namna hiyo, utambuzi umekamilika. Tiba ni maji ya mshipa, dawa za maumivu, na kurudi kula mapema kadiri anavyoweza.

Sukari ya kiasi gani ndiyo kisukari?

Ukiwa hujala kwa saa 8, milimoli 7.0 kwa lita au zaidi (miligramu 126 kwa desilita). Wakati wowote ukiwa na dalili, 11.1 au zaidi (miligramu 200). Au HbA1c, kipimo cha wastani wa sukari wa miezi kama 3, ikifika asilimia 6.5. Bila dalili, jibu moja halitoshi, rudia. HbA1c hudanganya kwa wenye seli mundu, waliopoteza au kuongezewa damu karibuni, na wenye sirosisi, kwa sababu inategemea umri wa chembe nyekundu.

Kwa aina ya pili, metformini bado ndiyo dawa ya kuanzia kwa wengi. Huanza kwa dozi ndogo, pamoja na chakula, ili tumbo lizoee. Ikitumika miaka mingi hupunguza vitamini B12, kwa hiyo ganzi ya miguu isihesabiwe moja kwa moja kuwa kazi ya sukari. Mwenye ugonjwa wa moyo au figo huenda akaanzishiwa dawa nyingine mapema.

Mtoto au kijana anayekunywa maji bila kukinai, anayekonda, na aliyerudia kukojoa kitandani apimwe sukari siku hiyo, isiwe kesho. Akianza kutapika, kushika tumbo na kuhema kwa kina, pumzi ikinukia matunda, damu imeshakuwa na asidi. Insulini ndiyo inayomwokoa, pamoja na maji na potasiamu. Kabla ya Januari 1922, kijana Leonard Thompson alipochomwa insulini huko Toronto akiwa na miaka 14, watoto wa namna hii walikufa tu.

Na mzee mwembamba aliyepata kisukari ghafla huku akizidi kukonda, achunguzwe kongosho.

Sukari ikishuka nifanye nini?

Chini ya 3.9 (miligramu 70), ukitetemeka na kutoka jasho, meza gramu 15 za sukari inayoyeyuka haraka, kama vijiko vidogo 3 vya sukari kwenye maji. Pima tena baada ya dakika 15. Bado iko chini, rudia. Ikipanda, kula mlo. Aliyezimia usimtie kitu mdomoni, atapaliwa; anahitaji dripu ya glukosi au sindano ya glukagoni. Pombe bila chakula huzuia ini kuachia sukari, na hatari yake hufika hadi asubuhi ya siku inayofuata.

Tezi ya shingo ikienda kasi au ikizembea, nitajuaje?

Inayokwenda kasi: moyo unakimbia hata umekaa, mikono inatetemeka, jasho, joto, choo mara nyingi, kukonda huku unakula vizuri, na kwa baadhi macho kutokeza. Mzee anaweza asionyeshe chochote isipokuwa mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio. Kabimazoli hupunguza homoni, propranololi hutuliza moyo. Wengine huhitaji ayodini ya mionzi, ambayo mjamzito hapewi, au upasuaji. Ukiwa kwenye kabimazoli ukapata homa na koo kuuma, acha dawa na ukapime chembe nyeupe siku hiyohiyo. Ni nadra zishuke hadi kuhatarisha maisha, ila hutokea.

Inayozembea: uchovu, baridi, uzito kupanda kidogo, choo kigumu, ngozi kavu, hedhi nzito, sauti kukwaruza. Kwa wazee huitwa uzee, kwa vijana huitwa sonona. Levothairoksini humezwa tumbo tupu, dakika 30 hadi 60 kabla ya kula, na iachane kwa saa 4 na vidonge vya kalsiamu au chuma. TSH, kipimo cha damu cha tezi hii, hurudiwa baada ya wiki 6 hadi 8; kupima mapema ni kupoteza pesa. Mwanamke anayeitumia akipata ujauzito amwone daktari mara moja, kwa kuwa mara nyingi dozi hupandishwa.

Uvimbe wa shingo wenyewe hausemi tezi iko kasi au imezembea. Goita kubwa huweza kuwa na homoni sawia kabisa. Uvimbe mgumu unaokua haraka, au sauti iliyobadilika, upigwe altrasaundi.

Nimetumia prednisoloni miezi kadhaa, najisikia vizuri. Naweza kuacha?

Usiache ghafla. Hii ni dawa ya jamii ya steroidi; ukizitumia zaidi ya wiki 3 au 4, tezi zilizo juu ya figo hulala, na kuziamsha kunataka dozi ishushwe hatua kwa hatua. Ukikata mara moja: udhaifu, kutapika, maumivu ya tumbo, presha kuanguka, kifo. Anayeangalia tumbo peke yake atakosa ugonjwa huo kila mara. Vivyo hivyo kwa tezi zilizoharibiwa na kinga ya mwili au kifua kikuu, ugonjwa ulioelezwa na Thomas Addison mwaka 1855: mgonjwa hukonda, hutamani chumvi, huona kizunguzungu akisimama, na ngozi hukolea weusi kwenye mistari ya viganja, fizi na makovu. Tiba ya dharura ni haidrokotisoni miligramu 100 kwa sindano na dripu ya chumvi, na haingoji majibu ya maabara. Anayetumia steroidi kila siku aongeze dozi anapopata homa au upasuaji, kama alivyoelekezwa.

Steroidi nyingi kupita kiasi nazo huonekana: uso wa duara, kitambi chenye mikono na miguu myembamba, ngozi inayochubuka kwa kuguswa, michirizi ya zambarau tumboni, sukari na presha juu. Krimu kali za kung'arisha ngozi zina steroidi zinazopenya hadi kwenye damu. Wanaozipaka husahau kuzitaja, kwa kuwa hawazihesabu kuwa dawa.

Nipime homoni zote ili nijue moja?

Sishauri. Orodha ndefu ya homoni kwa mtu asiye na dalili huzaa majibu ya kutisha yasiyo na maana. Kwa tezi ya shingo anza na TSH. Ikiwa sawa, kwa kawaida inatosha. Vidonge vya nywele na kucha vyenye biotini huvuruga vipimo hivi na kuonyesha ugonjwa ambao haupo. Viache angalau siku 2 kabla. Kortisoli, homoni ya tezi zilizo juu ya figo, hupanda alfajiri na kushuka jioni, kwa hiyo damu ya kuangalia kama imepungua itolewe kati ya saa 2 na saa 3 asubuhi. Iliyotolewa alasiri ikionekana ndogo, haithibitishi lolote. Rudi asubuhi uitoe upya.